Mama Anajenga Nyumba ya Kuzikiwa

Makomredi, leo siwahutubii kutoka jukwaani. Ni Jumamosi, niko nyumbani Kosele. Mvua imekatika lakini mawingu hayajaondoka, nami nimeketi juu ya rundo la nguzo za mikaratusi ambazo mama yangu amezinunua ili azikwe kwa heshima.

Mama hajafa. Anachemsha chai hapo nyuma.

Kwa miaka mingi amewauzia uji na samaki wa kukaanga wachimba dhahabu wa Masara, kule Migori. Ni mjane tangu nikiwa shule ya msingi. Hivi karibuni wahudumu wa afya walifika Masara kuwapima wanawake mlango wa kizazi, naye akapanga foleni na wenzake. Wiki iliyopita nesi akampigia simu: seli zimeonyesha mabadiliko madogo, aende hospitalini aangaliwe zaidi. Mama alimshukuru, akakata simu, akazima jiko. Uji uliobaki akamwachia jirani.

Hakuuliza swali hata moja.

Mnaijua desturi yetu, na asiyeijua namweleza. Kwetu Wajaluo, mke huzikwa katika boma la mumewe, na mwili wake hulala usiku wa mwisho ndani ya nyumba yake mwenyewe. Nyumba ya Mama hapa Kosele ilianguka zamani, yeye akiwa Masara anatafuta karo zetu. Mke asiye na nyumba husimamishiwa kibanda cha mabati upesi upesi, jeneza likiwa njiani na majirani wakitazama. Mama aliwahi kuyaona hayo yakimpata mke wa binamu ya baba. Akaapa moyoni kwamba yeye hayatampata.

Kwa hiyo Baba Mdogo, ndugu ya marehemu baba, aliponiambia kwa simu kwamba Mama anajenga, nilifurahi. Nilidhani hatimaye amechoka na moshi wa Masara. Nilipofika asubuhi ya leo, Baba Mdogo, aliyesimika nguzo ya kwanza jinsi desturi inavyomtaka mwanamume wa ukoo, alinipokea kwa mizaha yake ya kila siku: "Rais wa wanafunzi! Umetuletea misumari ama umetuletea mgomo?"

Nilicheka. Kisha nikamwona Mama akiupima mlango kwa kamba, upana wake, mara mbili. Alikuwa anahakikisha jeneza litapita. Baba Mdogo akaninong'oneza habari ya simu ya nesi na yale mabadiliko madogo.

Nimewahi kusimama mbele ya mabomu ya machozi, makomredi. Sikuyaogopa kama nilivyoiogopa kamba ile.

"Mama, nesi alitaja saratani?"

"Nyathina," akaniambia, yaani mwanangu, "alitaja mlango wa kizazi. Ulitaka anitajie nini tena?"

"Alisema mabadiliko madogo."

"Achieng pia alisema anavuja damu kidogo tu."

Achieng ni dada yangu mkubwa. Nashindwa kuandika kwamba alikuwa. Alitibiwa vidonda vya tumbo, akatibiwa malaria, akaombewa, na hakuna aliyewahi kumchunguza pale palipouma. Alipofika mbele ya daktari aliyejua atazame wapi, hakukuwa na la kufanya. Tangu hapo, katika boma hili, maneno hayo mawili, mlango na kizazi, yana maana moja tu.

Ningeweza kuhutubia. Ningeuliza ni mfumo gani unaompigia mjane simu akiwa jikoni, ukamwachia neno kama hilo, kisha ukamwacha peke yake. Hotuba ninayo, imekamilika, ina hasira ya kutosha. Lakini Mama alikuwa ameshika kamba. Nikampigia nesi simu, nikaweka sauti juu, tukaketi sote watatu juu ya nguzo hizi.

Nesi alieleza bila haraka. Hiyo si saratani. Ni seli zilizoanza kubadilika kidogo, mara nyingi kwa sababu ya kirusi ambacho watu wengi hukipata katika ndoa na mapenzi. Mara nyingi mwili hukishinda wenyewe, na seli hurudi hali yake. Kwa kuwa Mama hakuwahi kupimwa kabla, daktari anataka kumtazama kwa kifaa kinachokuza picha. Pakiwa salama, atapimwa tena baadaye. Pakiwa na tatizo, litatibiwa mapema.

Mama akauliza kwa sauti ndogo sana: "Nani alinipa?"

Baba Mdogo akainama kutazama viatu vyake. Nikaelewa kwamba hapa bomani maneno yameshasemwa, kuhusu mjane na wachimba migodi.

"Hakuna anayeweza kujua, Mama," nesi akajibu. "Kirusi hiki kinaweza kulala mwilini miaka mingi sana. Hakimshtaki mtu yeyote."

Nilidhani hapo ndipo tutapumua. Nilishaanza kutabasamu, makomredi. Mama naye akauliza swali ambalo mimi mwenye shahada njiani sikuwa nimeliona likija.

"Kwa hiyo Achieng naye alianza hivi? Kidogo hivi?"

"Yaelekea, Mama," nesi akasema.

"Na wakati huo angetibika?"

"Angepimwa mapema, huenda angetibika."

Mama hakulia aliposadiki kwamba anakufa. Alilia alipoambiwa kwamba haumwi saratani. Alilia akiita jina la Achieng, na Baba Mdogo, mtu wa mizaha, akaondoka akaenda kusimama nyuma ya ghala.

Ninajiuliza: habari njema hubebwaje na mtu ambaye imemfikia kwa kuchelewa?

Sasa ameniita chai. Amesema nyumba itamalizwa, lakini mlango upunguzwe kidogo, baridi isiingie. Amesema pia kwamba hospitalini haendi peke yake.

Basi kamukunji ijayo, yaani mkutano wetu, ni Alhamisi, saa tatu asubuhi, kwenye benchi lililo nje ya chumba cha uchunguzi. Hakutakuwa na kipaza sauti. Mleteni mama, shangazi, dada. Mama yangu atakaa mwanzoni mwa benchi, nami nitakaa wa tatu. Ile nafasi ya katikati ni ya Achieng; nawaomba, msiikalie.