Shavu la Minza

Jumatatu, 3 Machi
Vipindi vinne leo. Kidato cha Sita hawajui hata utando wa seli. Nimewafokea. Jioni mama mkwe kamleta mwanangu Minza kutoka Kisesa, anakolelewa tangu nihamie Buswelu. Shavu limevimba. Kampeleka kwa fundi wa mtaani, kang'olewa magego mawili. "Ni meno tu, mama Minza. Yameshatoka." Nimemwambia arudi kwake. Chai sikumpa.

Alhamisi, 6 Machi
Uvimbe umepanda, unasukuma jicho. Meno mengine yanalegea yenyewe. Hospitali wamekata kinyama wakapime.

Jumatano, 12 Machi
Saratani ya taya. Ile inayowapenda watoto wa huku ziwani. Nikauliza kinga ya mwili ilikuwa wapi siku zote hizo. Daktari kijana, mpole, upole wake unanikera. Akaeleza. Seli hukatakata protini zake za ndani. Vipande hupokelewa na protini za kusafirisha, zimekaa kwenye utando wa ndani ya seli kama lango, zinavipitisha, kisha vinapandishwa juu ya seli vionekane. Askari wa kinga akiona kipande kigeni, anaua seli nzima. Seli za uvimbe huu zimepunguza hizo protini za langoni. Vipande vinabaki ndani. Askari wanapita, hawaoni kitu, wanakwenda zao.
Mficha maradhi kifo humuumbua, tunasema. Haya yamejificha yenyewe.

Ijumaa, 21 Machi
Dripu za dawa zimeanza. Anatapika mpaka nyongo. Mama mkwe kaja wodini na sato wa kuchemsha. Nimemwambia mbele ya wagonjwa wote: wewe ndiye unayemuua. Daktari akanivuta pembeni, akasema kung'oa meno hakukuleta saratani. Najua. Nilitaka mama mkwe aumie. Kaumia. Nimefurahi.

Jumapili, 30 Machi
Homa. Dawa zimeshusha na ile kinga iliyobaki. Minza hali chochote mkononi mwangu. Anamtaka bibi yake. Nimekataa.

Jumatano, 2 Aprili
Daktari kasema niite ndugu. Nimempigia mama mkwe. "Njoo," basi. Kafika, kapanda kitandani na kanga yake, kamlisha uji. Minza kameza. Kwangu alikuwa anatema. Roho imeniuma kwa wivu, si kwa huruma.

Alhamisi, 3 Aprili
Minza amefariki asubuhi, kifuani kwa bibi yake. Alimwita bibi, mara mbili. Mimi nilikuwa hapo hapo, nimemshika mguu.