Mwenye Picha Husema Mwisho

Ni mwaka sasa, Mama, tangu utuachie nyumba inayonuka rangi nasi hatujui hata kuosha brashi.

Tulipoketi kuandika maneno haya, dada yako alisema tuandike tu kwamba ulikuwa mtu mzuri. Tukacheka kidogo, kisha tukalia. Neno "nzuri" ulilipiga marufuku katika darasa lako la uchoraji, na "mbaya" vilevile. Mtoto akisimama mbele ya mchoro wa mwenzake ulimwuliza, "Unaona nini?" mpaka wakakubandika jina, Mwalimu Unaona-Nini.

"Naona mbuzi wa miguu mitano."

"Haya, kwa nini mitano?"

"Labda anakimbia, Mwalimu."

Na aliyechora ameketi amebana midomo, kwa kuwa kwako mwenye picha husema mwisho. Walimu wenzako waliona mnapiga soga. Ulirudi nyumbani sauti imekauka, chaki kwenye nywele, ukitusimulia mguu wa tano huku umeacha viatu katikati ya njia.

Sisi tulikuwa wanafunzi wagumu. Ukituonyesha kazi yako tulisema "nzuri, Mama," tukaendelea kula. Baba ndiye aliyezidi. Yeye alisema "nzuri" kabla hujaifunua.

Picha ya mwisho uliichora ukiwa mgonjwa, umeegemea mito. Ni meza yetu ya jikoni na viti vinne. Kimoja kimeipa meza mgongo, kimeelekea ukutani. Hukutueleza kwa nini, nasi hatukuuliza. Mwaka mzima kiti hicho kimemkondesha Baba.

"Ni mimi yule," husema. "Amenichora nilivyokuwa nikimpa mgongo."

Tumembembeleza aache kujitesa, hasikii.

Jumapili iliyopita tuliitundika picha hiyo jikoni, tukafanya kama darasani kwako. Mjukuu wako akaanza.

"Naona kiti kimegeuka. Labda anayekaa hapo anatazama kitu ukutani, Babu."

Baba aliisogelea picha. Kisha akasema anaona kiti hicho kina rangi hafifu kuliko vingine, na mguu mmoja umefutwa ukachorwa upya. Anaona ulihangaika nacho. Hakusema nzuri. Laiti ungemsikia, Mama.

Ikafika zamu yako. Tulinyamaza kama ulivyotaka, tukakungoja. Birika lilichemka na hakuna aliyeinuka kuliepua. Uchungu tulioupata hapo ulizidi ule wa siku ya mazishi.

Mwishowe Baba alisimama, akashika kiti chake, akakigeuza kikaelekea ukuta ulipo mchoro wako. Hapo ndipo anaponywea chai siku hizi, ametupa mgongo sote.

Unakumbukwa na mumeo, wanao wawili, mkweo, mjukuu wako, dada yako, na watoto wa darasa lako ambao bado wanabishana juu ya yule mbuzi.

Hatutakusahau kamwe, Mama. Zamu yako tumeiacha wazi.