Kelele Sitini za Jemadari

Jumatatu, 3 Machi

Habari nimeipata kwa Mama! Si kwa mtayarishaji, si kwa mtu yeyote wa kazini — kwa Mama, kwenye kundi la familia, pamoja na makopa saba mekundu. Gemu yetu ya Jemadari inafanywa tamthilia ya televisheni. Watu wa kweli, mapanga, farasi, daraja, kila kitu. Na Jemadari mwenyewe ni nani? Kitinda. Mdogo wangu wa tumbo moja, kitinda mimba wa Mama, niliyembeba mgongoni mpaka nikazoea kutembea nimeinama.

Miaka kumi na mmoja. Gemu nne. Kila aliyewahi kushika kidude cha kuchezea na kuingia kwenye vile vita vya darajani, anayemsikia ni mimi, sauti ya Jemadari. “Shikeni daraja!” — watu wanaliandika kwenye fulana. Nililisema mimi, kwenye kijichumba kisicho na dirisha, nikiwa na mafua.

Kwenye usaili nilikwenda mwezi uliopita. Wakanikata sentensi ya pili, wakasema watanipigia. Kumbe alasiri ileile naye alikwenda! Hakunigusia hata kwa utani. Leo ananiandikia kwamba alijaribu tu, hakudhani.

Nimemjibu: Hongera sana mdogo wangu. Nikaweka kopa moja.

Jumatano, 5 Machi

Amekuja. Amenikumbatia mlangoni, amelia, amecheka, amemaliza chai yote ya chupa. Anasema bila mimi asingejua hata kusimama mbele ya watu. Anaamini anachosema, hilo ndilo linaloniudhi. Angekuwa na dharau ningepata pa kumshikia.

Baada yake akapiga mtayarishaji. Sauti laini, maneno mengi. Kwamba mimi ni hazina. Kwamba kwenye televisheni sura nayo ina mambo yake, naelewa, si ndiyo? Naelewa. Nina miaka arobaini na mmoja na kioo ninacho. Halafu akatoa ombi: nimfundishe Kitinda. Cheo changu kitakuwa mwalimu wa sauti.

Nikataka kumwambia akafundishwe na kioo. Nikasema nitafikiria. Haikupita nusu saa, Mama hewani: mdogo wako ni wewe, akiaibika yeye umeaibika wewe. Huyu mama ana masikio kila ukuta! Nimekubali.

Jumamosi, 8 Machi

Somo la kwanza, sebuleni kwangu. Tumeegemeza magodoro mawili ukutani ili sauti isigonge na kurudi.

Nilikuwa nimejiandaa kumsahihisha. Nilinoa ulimi tangu asubuhi. Akaanza na ile sehemu Jemadari anapomwambia nduguye abaki nyuma alinde ngome — na mimi kalamu mkononi sikuandika kitu. Anaweza! Anasema taratibu, anaacha neno litue, halafu anageuza uso pembeni kidogo tu. Mimi sehemu ile niliisema kwa hasira miaka yote. Haikunijia kabisa kwamba Jemadari anaweza kuwa na huruma pale.

Nilimwambia apunguze kasi. Hakuwa na kasi yoyote. Akasema haya dada, akapunguza.

Wivu si ugonjwa wa watu wabaya peke yao, basi. Maana mimi najijua si mbaya. Leo roho iliniuma mpaka nikaenda jikoni kufungua bomba ili nisimsikie.

Kazi yetu ya gemu watu hawaijui. Hakuna jukwaa, hakuna mwenzako wa kuzungumza naye. Unapewa orodha ya sentensi, unasimama na mikrofoni, unasoma peke yako. Ukimaliza maneno zinabaki kelele: ya kurusha panga, ya kupigwa, ya kuanguka, ya kufa. Kufa kuna aina nane. Na kelele huwa mwisho wa siku, daima, kwa sababu zinaharibu koo. Sheria hiyo niliiweka mimi mwenyewe kwenye gemu ya kwanza, baada ya kuanza nazo asubuhi moja na kukaa bubu siku nne. Fundi mitambo akaiandika kwa wino mwekundu mlangoni mwa studio: KELELE MWISHO. Na ni kutoka tumboni, si kooni. Anayetoa kooni hafiki ya ishirini.

Haya yote ni ya somo la tatu. Hatujafika.

Jumanne, 11 Machi

Nimekwenda kwenye seti yao. Ghala kubwa, daraja la mbao katikati, vitambaa vya kijani pande zote. Fundi cherehani alikuwa anampima Kitinda deraya ya vita, pini mdomoni, wasichana wawili wameshika mikono yake juu. Ukutani picha yake imefika darini. Jemadari ana shingo ndefu siku hizi.

Ila kisa kilikuwa mlangoni. Msichana wa mapokezi hakuniona kwenye orodha. Nikamweleza. Akanitazama, uso ukang'aa. “Sauti yako naijua!” Nikajiweka sawa. Akasema, “Si wewe ni yule wa benki? Tafadhali subiri, simu yako ni muhimu kwetu?”

Ndiyo. Ni mimi yule wa benki pia. Nikamwambia naam, akafurahi, akanipa kadi ya mgeni.

Ya mgeni!

Ijumaa, 14 Machi

Naandika hili mara moja, sitalirudia.

Jumatatu wanapiga picha ya vita vya darajani. Kelele sitini. Mwongozaji hataki za kubandika baadaye, anazitaka za Kitinda mwenyewe, hapohapo kwenye kamera. Kwa hiyo leo tulikuwa na kazi mbili: maneno ya sehemu ya kwanza, na hizo kelele.

Akaniuliza, “Dada, nianze na zipi?”

Swali jepesi. Jibu lake nalijua hata nikiamshwa usingizini. Nikamwangalia amekaa kwenye zulia langu, miguu amekunja, anasubiri kama alivyokuwa akisubiri nimfunge kamba za viatu. Nikamwambia aanze na zinazomsumbua, hizo kelele.

Akaanza na kelele. Saa tatu asubuhi, koo halijapata joto. Na anazitoa kooni. Nililisikia hilo kwenye ya tano. Kufika ya kumi na mbili kulikuwa na mkwaruzo kwa chini, mdogo, asiyezoea hawezi kuusikia. Akasimama akauliza kama yuko sawa.

Nikasema, “Uko sawa. Endelea.”

Sikupanga. Naapa sikukaa nikapanga. Neno lilitoka, na likishatoka likaonekana zuri. Akaenda mpaka sitini, jasho likimtiririka, halafu akafanya maneno na sauti yake ile ya chini imeanza kuchoka. Nikampa maji ya moto. Nikajiona mtu mwema kwa hayo maji!

Jumapili, 16 Machi

Kapiga simu. Sauti kama ya mvuta sigara. Anadhani ni vumbi la lile ghala. Ningeweza kumwambia aahirishe. Nikamwambia alale mapema.

Jumatatu, 17 Machi

Imekatika.

Sikuwepo, amenisimulia yule fundi cherehani. Mara ya kwanza alipiga kelele vizuri. Ya pili akakohoa. Ya tatu alikimbia mpaka katikati ya daraja, panga juu, akafungua mdomo, na sauti haikutoka hata chembe. Mwongozaji akadhani ni utani. Kitinda akajaribu tena. Fundi anasema watu wote walisimamisha kazi, hata wa taa, maana aliendelea kuigiza mpaka mwisho, mdomo wazi, kimya, machozi yanashuka. Halafu akakaa chini kwenye mbao.

Daktari kasema kishipa kimepasuka kwenye nyuzi za sauti. Wiki tatu asiseme neno, hata kunong'ona marufuku. Baada ya hapo wataona. Mama alimuuliza kama itarudi ileile. Daktari akajibu kwamba hawezi kuahidi.

Nimekaa na hilo jibu tangu saa kumi.

Jumatano, 19 Machi

Mtayarishaji tena. Leo hakuzunguka. Wametazama picha za Jumatatu na hawatazirudia, kwa sababu hawajawahi kuona uso kama ule. Tatizo ni sauti tu. Na sauti ipo, si ndiyo? Nije studio Jumatatu, niweke yangu juu ya mdomo wake. Wachezaji wa gemu watafurahi kusikia wanayoijua. Ikikaa vizuri, wataangalia na sehemu nyingine saba, “hata mdogo wako akipona.”

Hata akipona!

Nilikata simu nikacheza. Mtu mzima mimi, jikoni, na mwiko mkononi. Nilizunguka meza mara mbili. Kila kitu changu kinarudi: jina langu litapita kwenye televisheni, na yule wa mapokezi atanitafutia kadi nyingine.

Halafu Mama akapiga. Analia kwa furaha. Kwamba Mungu anilipe, kwamba wengine wana ndugu wa kuwala lakini yeye kazaa ndugu wa kuokoana. Nikasema amina.

Furaha haikurudi tena baada ya simu hiyo. Niliitafuta mpaka chakula kikaungua.

Jumamosi, 22 Machi

Kitinda kashinda hapa. Amekuja na daftari la mistari na kalamu imefungwa kwa uzi shingoni, anaandika anachotaka. Ameniandikia kwamba sasa Mama ndiye anayeshinda mabishano yote. Ameniandikia nipunguze chumvi. Ameniandikia kwamba afadhali ni mimi, kwamba angepewa mtu mwingine angekufa.

Nilisema mimi tu saa nne nzima. Niliongea kama redio iliyokosa mtu wa kuizima. Hali ya hewa, majirani, bei ya pazia. Kila nikinyamaza nilihisi lile neno la kuungama linakuja juu, basi naanza jingine.

Alipoondoka alinishika koo langu kwa kiganja, taratibu, halafu akalionyesha lake. Akatabasamu. Sijui alimaanisha nini. Labda nilitunze. Nilitaka kumwambia pale pale. Akashuka ngazi.

Na jambo jingine niseme ukweli: hata leo, na daftari lake na uzi wake shingoni, nimemwonea wivu. Kwa sababu anapendeza akiwa kimya. Mimi nikinyamaza hakuna anayejua kama nipo.

Jumatatu, 24 Machi

Naandikia nyuma ya skripti. Fundi mitambo ametupa dakika kumi.

Studio ni ileile, kijichumba kilekile, ila sasa mbele yangu kuna skrini. Fundi mitambo ni yuleyule wa miaka yote, ndevu zimekuwa nyeupe. Kitinda aliomba aje. Kakaa upande wa pili wa kioo, karibu na fundi, daftari magotini.

Asubuhi tulifanya maneno aliyoigiza Jumatatu ile kabla ya kelele, sauti imeshakwaruza. Nikamtazama akifungua mdomo kwenye skrini, nikaweka sauti yangu ndani. Ile ya nduguye abaki alinde ngome niliisema mara sita kwa namna yangu, haikukaa. Ya saba nikaisema kwa namna yake. Ikakaa. Fundi akanyanyua dole gumba. Nilitamani aone nani anastahili hilo dole.

Tukafika kwenye kelele. Fundi alikuwa anapanga faili zake na kipaza sauti cha upande wake kipo wazi, kwa hiyo kila alichosema nilikisikia kwenye hedifoni. Alikuwa anampigisha soga Kitinda, kumchangamsha. Akamwonyesha yale maandishi mekundu mlangoni. Akamwambia, “Ile sheria ya dada yako. Kelele mwisho. Miaka kumi na mmoja hajaniruhusu niivunje hata siku moja. Bila shaka ndilo alilokufundisha la kwanza.”

Kitinda akautazama mlango. Kisha akanitazama mimi.

Mimi nikatazama skripti.

Nilipoinua macho alikuwa anaandika. Haraka, mstari mmoja. Akasimama akaligandamiza daftari kwenye kioo, herufi kubwa, wala hakuweka alama ya kuuliza:

ULINIAMBIA NIANZE NAZO.

Fundi hakuona, alikuwa amegeukia mitambo. Nikasema nahitaji maji. Ndiyo maana ya hizi dakika kumi.

Maji ninayo hapa. Sijayanywa. Yeye amekaa tena, daftari amelifunga, mikono juu yake. Hajatoka. Angetoka ningejua la kufanya, ningemkimbilia kwenye ngazi. Nikibonyeza kitufe cha kuongea atanisikia. Ni neno moja tu, na koo langu ni zima, limepumzika, limetunzwa vizuri.

Kwenye skrini picha imesimama pale katikati ya daraja. Panga juu. Mdomo wake wazi. Miaka kumi na mmoja sijawahi kufungua wangu hivyo. Inasubiri sauti, na yangu itaingia sawasawa, naijua, naisikia tayari tumboni. Mungu anisamehe — naitaka. Hata sasa naitaka.

Fundi amerudi kwenye kiti. Anauliza kama niko tayari. Kitinda hatazami skrini, ananitazama mimi. Fundi ananyanyua kidole, taa nyekundu imewaka, na mimi bado nimeshika kalamu, kitufe sijakigusa.