Salamu ya Kuamriwa

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeketi penye jua la asubuhi, goti limepungua uvimbe, na unameza dawa zote, si zile tamu tu. Mimi sijambo, ila mgongo unalalamika, na sababu yake utaisoma hapa chini.

Shangazi ameniandikia kwamba Jumapili ulisimama mbele ya kanisa zima ukanitolea mfano: binti yako keshia, aliyekubali kuadhibiwa kwa kumtetea mwenzake Mwislamu. Anasema ulisimulia mpaka sauti ikakukatika. Ndiyo maana nimekaa kuandika. Nataka uyasikie kwangu, tangu mwanzo.

Mwaka jana tuliagizwa kuwaambia wateja "Sikukuu njema", basi, ili asikwazike mtu. Baadhi ya wateja wakakwazika na hilo hilo. Walidai duka linaionea haya Krismasi, wakatishia kuhamia kwingine. Mwaka huu mwenye duka akageuza kibao. Meneja alitukusanya kwenye mlango wa kupokelea mizigo, akatusomea karatasi: kila mteja, awe nani, aambiwe "Krismasi njema" kwa tabasamu kabla ya kupewa risiti. Tena watapita wateja wa siri, watu wanaolipwa kujifanya wananunua, ili watupime.

Mama Pacha, ambaye kaunta yake iko nyuma ya yangu, aliinua mkono. Alieleza kwa upole kwamba yeye ni Mwislamu. Sikukuu njema atawatakia watu kwa moyo mweupe, lakini hiyo nyingine asilazimishwe. Meneja akamjibu kuwa saa za kazi mdomo wa keshia ni mali ya duka.

Hapo damu ilinichemka. Nikasema mbele ya wote, "Basi na mimi sisemi."

Meneja akaniuliza, "Wewe si Mkristo?"

Nikamjibu kuwa swali hilo halimo kwenye mkataba wangu.

Siku nne nikawaaga wateja kwa "Asante, karibu tena." Siku ya tano akaja mwanamume na kiberiti kimoja tu, akanitumbulia macho, anasubiri. Nikajua ndiye. Nikampa risiti yake nikamwambia karibu tena, polepole, ili aandike vizuri.

Jioni barua ya onyo ilikuwa tayari. Nilitakiwa kusaini kwamba nimekosa. Niliandika chini yake, "Nimeisoma. Sijakosa." Wakanitoa kaunta, wakanipeleka ghalani kubeba katoni za sabuni, na hiyo ndiyo habari ya mgongo. Lakini kesho yake makeshia wengi nao wakafunga midomo, na kabla ya wiki kwisha ile karatasi ilibanduliwa ukutani. Sasa kila mtu anasema anachotaka. Mimi bado niko ghalani, na sijaenda kumpigia mtu magoti.

Mama Pacha alikuja na mumewe kunishukuru kwa kuitetea dini yao. Nilizipokea shukrani zile kama mtu aliyepewa koti la mwenzake. Wiki hii nimemwambia ukweli, na wewe lazima uujue.

Baba, sikuwa namtetea Mama Pacha. Nilikuwa najitetea mwenyewe. Maneno yale yamegoma kutoka mdomoni mwangu tangu tulipomzika Mama, Desemba ile. Mwaka wa pili huu sisali. Zile Jumapili nilizokuambia nimetoka kanisani, nilikuwa nyumbani nafua. Usidhani namkasirikia Mungu. Ningemkasirikia kama ningeona yupo. Naita, sisikii mtu. Sasa meneja anilazimishe kwa mshahara kutamka jambo ambalo hata kwa ajili yako nimejaribu kuliamini nikashindwa?

Mama Pacha nilipomwambia hayo, alicheka. "Kumbe kila mtu alikuwa na kesi yake," alisema, akanishika mkono tukanywa chai.

Kukataa sijutii, na kesho nitakataa tena. Ninachojutia ni kufua nguo huku nikikudanganya. Ukitaka, simama Jumapili uwaambie ukweli. Ukiona haya, nyamaza, lakini usinitolee tena mfano wa mtu ambaye siye mimi.

Siku ya Krismasi duka linafungwa, nami nitapanda basi la kwanza kuja nyumbani. Wakinifukuza kazi, nitafika mapema zaidi. Nitakupikia, tutabishana kama kawaida, nitakushika mkono mpaka mlangoni pa kanisa. Ndani utaingia peke yako. Mimi nitakungoja nje, hata mahubiri yawe marefu kiasi gani.

Nisalimie Shangazi na majirani wote wanaoniulizia. Wewe pokea heshima zangu zote. Hizo hakuna aliyeniamuru kukupa.

Ni mimi kitindamimba wako,
nisiyesali, na ninayekupenda.