Kiapo kwa Ajili ya Ng'ombe wa Olais

Nangara, Babati
14 Juni

Kaka yangu Benedict,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta u mzima huko Mpanda, pamoja na wifi na watoto. Sisi huku hatujambo. Mvua ilikatika mapema, lakini mbaazi za kwetu Sigino zimeshika vizuri, na utani wa Baba umerudi. Juzi alionja mboga niliyopika, akasema gerezani alipikia watu mia nne na hakuna aliyelalamikia chumvi, ila kwa binti yake msomi ndiko anakotumikia adhabu ya pili.

Utashangaa kwa nini naandika ilhali simu ipo. Kwenye simu ungeniuliza jambo katikati, nami ningepata upenyo wa kukwepa.

Mwezi uliopita tulimpokea Nosim, mjane wa mzee Olais wa Simanjiro. Unakumbuka kwamba Olais, kabla ya kufa, alimwekea Baba ng'ombe mwekundu amtunzie, maziwa yawe yetu na ndama wawe wake, kwa neno la mdomo tu kama ilivyo desturi. Huyo ndiye ng'ombe ambaye Tingisha, mwana wa Olais, alimkuta zizini kwetu baada ya msiba, akaenda polisi. Nosim alisema siku ya makubaliano yeye ndiye aliyewachemshia chai. Wanawe hawakumwuliza, walimwambia tu kwamba ng'ombe aliyepotea amepatikana. Alipojua mwaka huu kwamba kuna mtu aliyefungwa kwa ajili hiyo, alimkaripia Tingisha mbele ya wake zake, akamwambia mwenye akili huanza kumwuliza mama yake ndipo aende kuwauliza polisi.

Alikuja na ombi. Anaye mtamba aliyezaliwa na ng'ombe yule, na anataka Baba amtunze. Baba alikataa. Alisema kwa karatasi ya serikali yeye ni mwizi wa mifugo, na mwizi hawekewi mfugo. Karatasi ibadilike kwanza. Ndipo nilipoelewa kinachomla. Tangu atoke, hakuna mtu Sigino aliyemwekea hata ndama, yeye ambaye zizi lake lilijaa mali za watu.

Basi tulikwenda kwa wakili hapa mjini. Nilidhani rufaa haina maana kwa mtu aliyekwisha kutumikia kifungo chake, miaka mitatu na miezi minne kati ya ile mitano. Wakili alinisahihisha: kifungo kimekwisha, lakini hatia bado ipo. Ugumu ni mwingine. Muda wa kukata rufaa ulipita zamani, hivyo ni lazima kuomba uongezwe, na kumbukumbu za mahakama zinaonyesha kwamba Baba aliposomewa shitaka alikiri. Wakili alitaka Baba aeleze kwa kiapo ni kwa nini alikiri kosa asilolitenda, na kama kuna aliyemshauri. Baba alijibu kwamba hakuna, alikiri kwa hiari yake. Wakili alimwambia kwa upole kwamba kwa jibu hilo anaifukia rufaa yake kwa mikono yake mwenyewe. Baba alirudia jibu lilelile, akiwa anatazama dirishani. Mimi nilikuwa kando yake, nikanyamaza.

Kaka, wewe na mimi tumeamini, au wewe umeamini, kwamba aliyemshauri ni Baba Mdogo Anselmi, kwa kuwa ndiye aliyempeleka mahakamani. Ni kweli alimpeleka. Lakini asubuhi ile Baba alinipigia kwa simu ya Anselmi, nami nilikuwa mlangoni mwa chumba cha mtihani, Dodoma. Aliniuliza asemeje. Nilimwambia akubali tu, aombe radhi, watamtoza faini yaishe. Nilikuwa nawaza baraza la wazee wetu, ambako anayekubali kwanza ndiye anayesikilizwa, kisha ng'ombe huelezwa alikotoka. Sikujua kwamba mahakamani ukishakubali hakuna anayekuuliza tena habari ya ng'ombe. Wala sikujua kwamba kosa lile halina faini. Nilizima simu nikaingia kwenye mtihani, na nilifaulu.

Anselmi alikuwa anasikia. Siku tulipomzika Mama, Baba akiwa gerezani, ulipomnyang'anya Anselmi koleo asitie udongo kaburini, ukamwita muuza ndugu, alinitazama mara moja tu. Akarudi nyuma ya watu. Nilikuwa karibu yako, Kaka, hata ungenisikia bila mimi kupaza sauti.

Huenda Baba angekiri hata bila mimi. Desturi ile ameijua kabla sijazaliwa. Nimelifikiria hilo mara nyingi, na kila linaponifariji nalitilia shaka. Sijui pia kama nililofanya Jumatatu nimelifanya kwa ajili yake au kwa ajili yangu. Nilirudi kwa wakili peke yangu, nikaapa, nikaeleza simu ile, jina langu likiwa kamili. Nosim naye amekwisha kuapa. Wakili hakuniahidi lolote.

Jana nilikwenda Sigino nikamsomea Baba nakala. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama kiapo kinaweza kuondolewa. Nikamjibu kwamba hakiwezi. Ukweli ni kwamba sikuwa nimeuliza, na sitauliza. Kisha Baba akaniagiza nimwambie Anselmi aje na shoka, kwa kuwa nguzo mbili za zizi zimeoza.

Nakala ya pili nimeiweka ndani ya bahasha hii. Ukishaisoma, usinipigie mimi kwanza. Mpigie Anselmi, namba yake ni ileile.

Wasalimie wifi na watoto, uwaambie shangazi yao anawakumbuka. Baba anakusalimu sana, ingawa hajui nimekuandikia nini.

Ni mimi mdogo wako,
Vailet Melkiadi