Talaka Iliyokuja kwa Sauti ya Mume Wangu

Mpendwa Bi Kahaso, shikamoo. Naomba unishike mkono, maana sijui hata kama mimi ni mke wa mtu au nimeachwa. Mume wangu Mbarak ni dereva Doha, huu mwaka wa pili, na kabla ya kusafiri alikuwa msomaji wa maulidi, video zake zimejaa mitandaoni. Wiki iliyopita iliingia sauti yake kwenye grupu la WhatsApp la ukoo, imetumwa kwa namba tusiyoijua, asema, "Mwanapili, nimekuacha talaka tatu," na ni yeye mtupu, hata kikohozi chake cha kabla ya kusema, nikaisikiliza mara ishirini nikiomba isiwe yeye, nikawatumia mashoga zangu wote, nao wakasema ni yeye. Mama akaniamuru nirudi kwetu Kinondo nikae eda, na nimekaa, sitoki, sijipambi, simu zake sipokei kwa kuwa mama asema si halali yangu tena. Lakini mama mkwe amekuja kutoka Gazi akilia, asema Mbarak ameapa hakutamka neno hilo, kuna mashine zinazoiga sauti za watu. Mara moja nilipokea, nikamsikia, "Mama Subira, si mimi," jina aniitalo tangu tujaliwe mtoto, nikakata, maana ikiwa mashine yaweza kuniacha kwa sauti yake, si yaweza pia kunirudia? Nikirudi kumbe nimeachwa, naishi katika zinaa. Nikikaa kumbe sikuachwa, naivunja nyumba yangu kwa mikono yangu. Nifanye nini?

Mwanapili, Kinondo

Marahaba, mwanangu. Pole sana, ila nitakugombeza pia.

Mashine hizo zipo kweli. Hulishwa sauti ya mtu, na dakika chache huzitosha kujifunza anavyovuta pumzi na anavyokohoa. Kisha yeyote huziandikia maneno, nazo huyasema kwa sauti ile ile. Aliyeitaka sauti ya msomaji wa maulidi hakuhitaji hata kubisha hodi. Uso na midomo navyo huigwa, kwa hivyo usidhani ukimwona kwenye video umemaliza.

Ulisikiliza mara ishirini, hukujiuliza hata mara moja kwa nini anayekuita Mama Subira akuache kwa jina la Mwanapili, kwa namba ngeni, mbele ya ukoo mzima. Hilo si ushahidi, lakini lingetosha kukufanya usite. Wewe ukawatumia mashoga. Kama ni uongo, aliyeutunga mmemsambazia bure.

Usiifute sauti hiyo, wala usimtumie mtu mwingine isipokuwa polisi, pamoja na namba iliyoileta. Kisha piga wewe, kwa namba yake unayoijua siku zote, mama yako akiwa kando. Muulize jambo la ndani ambalo hamkuliandika wala kulirekodi popote. Akilijua, ndiye. Baada ya hapo wazee wa pande zote mbili waende kwa Kadhi, na Mbarak aulizwe huko. Mimi ni mtu wa kanisa, talaka zenu si zangu kuzipima. Si za mama yako pia.

Waogopa kudanganywa, na una haki. Lakini huenda kule Doha kuna mwanamume asiyefanya kosa lolote, ambaye kila akimpigia mkewe, hapokelewi, kwa sababu ana sauti yake mwenyewe. Mpigie leo.