Programu Niliyoitilia Sahihi

Mpendwa mdogo wangu Ouma,

Sijui unaishi wapi siku hizi, ndiyo maana barua hii nimeipeleka gazetini. Mama ndiye aliyetaka iwe hivyo. Kwa nini alitaka, nitakueleza nikifika huko.

Nadhani bado unakikumbuka chumba chetu cha kompyuta pale kwenye kiwanda cha samaki. Hakikuwa na dirisha. Nje Kisumu inaungua kwa jua, na wewe umevaa sweta kwa sababu ya kiyoyozi. Mimi ndiye niliyekuombea ile kazi, na wiki ya kwanza ulikuwa ukiniita "madam" mbele ya watu, halafu mlango ukifungwa unacheka: "Sista, hata saa hatuwezi kujua humu bila kuuliza."

Kiwanda kilikuwa kimeunganisha kompyuta za ofisi, za mizani na zile za vyumba vya baridi, ambamo samaki aina ya mbuta walisubiri kusafirishwa ng'ambo. Kitu kikiharibika, sisi tulikuwa wa mwisho kujua. Tukaambiwa tuchague programu ya kufuatilia matukio, itakayoangalia mitambo yote na kutuonya mapema.

Ulizijaribu mbili kwa mwezi mzima. Ulikuwa ukichomoa waya makusudi, kisha unakaa mbele ya skrini na daftari lako. Ile ya kwanza, waya mmoja ukichomoka, ilijaza skrini maonyo mekundu, na karatasi kuisha kwenye printa ilipigiwa kelele sawasawa na friza kuzima. Ya pili ilitoa onyo moja tu na kutaja chanzo.

"Hii ya kwanza itatuchosha masikio," uliniambia. "Tutazoea kelele zake, halafu siku moja tutapita juu ya jambo la maana."

Uliandika ripoti ya kurasa nne, nami nikaipeleka kwa meneja. Hakuifungua. Alikuwa ameshakubaliana na muuzaji wa ile ya kwanza. Alichotaka kwangu ni karatasi inayosema tumeijaribu na inafaa.

"Mama Achieng," akasema kwa upole, "ile nyumba ya Migosi unayokaa ni ya kiwanda, sivyo?"

"Ndiyo, Bwana meneja."

"Na watoto wanasoma karibu na hapo. Vizuri sana."

Nikatia sahihi. Nilipotoka nilikuambia kwamba wakubwa wameamua. Ukauliza, "Na wewe uliwaambia nini?" Nikasema mvua inakuja, twende nyumbani.

Kelele zilianza siku ileile programu ilipowekwa kwenye kompyuta. Unajua jinsi tulivyoishi mle ndani, tukizima onyo hili, linaibuka lile. Halafu ikaja ile Jumamosi. Mimi nilikuwa nyumbani, wewe uko zamu peke yako. Mchana ukanipigia simu.

"Sista, stima imepotea kidogo, taa zote zikazima, kisha ikarudi. Skrini imejaa maonyo yote. Sijui nianzie wapi."

Nilikuwa nasonga ugali, simu nimeibana kwa bega. Nikakuambia, "Anza na mizani, watu wa huko ndio hulalamika upesi."

Ukaenda kwenye mizani kwa sababu mimi nilikutuma huko. Onyo la chumba cha baridi, ambacho mashine yake haikuwaka tena, lilikuwa chini kabisa ya orodha. Jumatatu mlango wa kile chumba ulipofunguliwa, watu waliziba pua. Samaki wote walitupwa, kiwanda kikafungwa kwa miezi kadhaa, na wale akina mama wa Nyalenda waliokuwa wakikata minofu wakaambiwa wakae nyumbani mpaka waitwe. Wengi hawakuitwa tena.

Meneja alituita sote ofisini. "Huyu kijana alilala kazini," akasema. "Hakuna maelezo mengine."

Ukaniangalia. Ulikuwa ukinipa nafasi niseme. Nami nilikuwa nikiwaza nyumba na watoto, na ile karatasi yenye sahihi yangu. Nikainamisha kichwa. Ulipokuwa ukitoka na begi lako ulisimama karibu nami mlangoni, ukasema, "Kaa na nyumba yako, sista." Ungenitukana ningepata ahueni.

Nimekaa nayo. Nilipandishwa hata cheo. Kila asubuhi najifungia katika kile chumba na zile kelele, na kila jioni narudi kwenye nyumba niliyobaki nayo kwa kuliacha jina lako lichafuke. Sikuweza kuacha kazi, na sikuweza kusema kweli bila kuachishwa. Watoto wakiuliza, "Uncle Ouma atakuja lini?" nilikuwa nawaambia una shughuli nyingi.

Wiki iliyopita nilienda kwa Mama huko Manyatta nikamwambia ukweli wote. Alikuwa akichambua maharagwe. Aliendelea kuchambua mpaka nikamaliza, kisha akaweka ungo chini.

"Miaka yote hii," akasema, "nikipita sokoni wananiita mama wa yule aliyelala. Wewe ulikuwa ukinisikia nikilia."

"Ndiyo, Mama."

"Basi usiniambie mimi peke yangu hapa jikoni. Walisikia wote, nao wote wasikie."

Jana nilimpelekea meneja maelezo yangu pamoja na nakala ya ripoti yako. Alisoma mstari wa kwanza, akaniambia niondoke kwenye nyumba mwisho wa mwezi. Sijui tutahamia wapi. Naogopa, Ouma, sitakudanganya kwamba nimepata amani. Mwezi ujao sijui nitalala wapi na hawa watoto, wala sikuombi unionee huruma.

Akina mama wa Nyalenda, majirani wa Manyatta, na yeyote anayesoma hapa: ndugu yangu Ouma hakulala. Alikuwa macho, alikuwa kazini, na alikuwa ameonya mapema. Mimi nilijua, nikanyamaza.

Mpigie Mama kupitia simu ya jirani. Kwangu si lazima.

Dada yako mkubwa,
Migosi, kwa siku zilizobaki